Kuchagua tawi, kozi na profesa: mwongozo kwa mwanafunzi wa uhandisi Lubumbashi

Ukisoma mawaidha ya intaneti kuhusu chuo, utaambiwa upange kozi zako mwenyewe, ulinganishe maprofesa watatu wanaofundisha somo moja, kisha ujiandikishe kwa yule unayempenda. Hayo ni ya Marekani. Kwetu Lubumbashi ratiba ya promosyo, yaani darasa zima la mwaka mmoja, inabandikwa ukutani ikiwa imeshakamilika: kozi ni hizi, profesa ni huyu, saa ni hizi. Analizi ya mwaka wa kwanza ina mwalimu mmoja. Ukimpenda utasoma kwake, usipompenda utasoma kwake vilevile.

Kwa hiyo wengi wanaamini hawana cha kuchagua, wanakaa tu kusubiri. Hapo ndipo wanapopoteza. Milango ya kuchagua ipo, ila ni michache na inafungwa mapema: tawi unaloingia, kozi za hiari katika miaka ya juu, mahali pa staji (mafunzo ya vitendo kazini), na mada ya memwari (kazi ya kuandika ya kumalizia masomo) pamoja na yule anayeiongoza. Na kuna mlango mwingine usioandikwa popote: kwa kozi ya lazima, unaweza kuchagua ni nani hasa atakayekufundisha, hata kama jina la kwenye ratiba halibadiliki. Nitaeleza moja moja, na nitakaa zaidi pale penye uzito.

Hatua ya kwanza: chagua tawi kwa masomo yaliyomo

Kitivo cha Polytechnique cha UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kina madini, metalijia, kemia ya viwanda, umeme-makanika na ujenzi. UNILU ina pia shule yake ya wahandisi wa viwanda, na mjini kuna ESIS-Salama ya Wasalesiani kwa wanaotaka kompyuta na mitandao. Mtu akitoka na diploma ya Serikali mwezi wa nane, familia nzima inamshauri: "Ingia madini, utakula mshahara wa kampuni." Mjomba anayesema hivyo hajawahi kufungua kitabu cha mekanika ya miamba.

Usianze na mshahara. Nenda idarani, omba orodha ya kozi zote tangu L1, mwaka wa kwanza wa licence, hadi mwisho wa master, ukae nayo jioni moja. Kisha jiulize ni kozi zipi ungeweza kuzisoma hata kama hakuna anayekulazimisha.

Madini ni jiolojia, upimaji, baruti, upitishaji hewa chini ya ardhi, uthabiti wa kuta za shimo. Kazi yake iko mbali na nyumbani, na kwa zamu. Metalijia na kemia ya viwanda ni kemia kweli: kama ulikuwa unakimbia kemia sekondari, pale haitakuacha. Umeme-makanika inakula hisabati kuliko matawi mengine. Mtu asiyezoea namba changamano na hesabu za difarenshali atateseka kwenye mashine za umeme, kisha atateseka tena kwenye udhibiti wa mitambo. Ujenzi unategemea mekanika, RDM (uimara wa vifaa) na mekanika ya udongo, na faida yake ni kwamba unaweza kuanza kujitafutia kazi ndogo mtaani mapema, kwa sababu mji unajengwa kila siku.

Tazama pia sekta inaelekea wapi, maana utamaliza baada ya miaka mitano. Katanga ilizoea madini ya juu, yale ya oksidi. Yanalowekwa kwenye asidi ya salfa, shaba inavutwa kutoka kwenye maji hayo kwa kimumunyisho, halafu umeme unaikusanya kwenye mabamba mpaka inakuwa kathodi. Mgodi wa Ruashi hapa pembeni ya mji wanafanya kazi hiyo. Lakini kadiri mashimo yanavyokwenda chini ndivyo madini yanavyobadilika kuwa ya salfaidi, na hayo yana njia nyingine: yanasagwa, yanatiwa maji na kemikali, mapovu yanayabeba juu, kisha yanapelekwa kwenye tanuru. Migodi ya Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, ilianza uzalishaji mwezi wa tano 2021 kwa njia hiyo ya mapovu, na imejengewa tanuru la kutoa hadi tani 500,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kipushi, uliokuwa umefungwa tangu 1993, ulianza tena 2024, nao ni zinki ya salfaidi. Mwanafunzi wa metalijia anayesoma asidi peke yake, akaona kozi za usagaji, mapovu na tanuru kuwa za kupita tu, atajikuta anajua nusu ya kazi.

Upande wa umeme ni hivyohivyo. Laini ya Inga–Kolwezi, kilomita kama 1,700 za umeme wa mkondo mnyoofu (DC) wa volti kubwa, inafanya kazi tangu 1982, na mitambo ya maji ya Nzilo, Nseke na Mwadingusha bado inalisha eneo hili. Juu ya hapo migodi inanunua umeme wa Zambia, inawasha jenereta, na sasa inaweka sola. Mtu anayejua jinsi vyanzo hivyo vyote vinavyoshikana kwenye mtandao mmoja bila kuangusha mashine atatafutwa.

Usiamue bado. Tafuta wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu katika tawi unalolifikiria, mmoja anayefaulu vizuri na mmoja aliyewahi kurudia mwaka. Yule aliyerudia atakuambia mambo ambayo mwenzake hakuyaona.

Hatua ya pili: soma mnyororo wa kozi na uzito wake

Tangu mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) uingie nchini, semesta moja ina krediti 30, mwaka 60, licence nzima 180, na master 120 zaidi. Krediti moja inahesabiwa kuwa saa kama 25 za kazi, ukijumlisha za darasani na zile unazosoma peke yako. Watu wanasahau nusu hiyo ya pili. Kozi ya krediti nne ni saa kama 100. Kama darasani mnakaa 60, basi 40 ni za kwako, kwenye meza yako, na hakuna atakayezipiga kengele.

Kozi zimefungwa katika mafungu, yale yanayoitwa UE (unité d'enseignement). Ndani ya fungu moja alama hufidiana kwa kawaida, lakini kwa uzito wa krediti. Chukua mfano: fungu lina kozi mbili, moja ya krediti 4 na nyingine ya 2. Umepata 8 kati ya 20 kwenye ile kubwa na 12 kwenye ile ndogo. Wengi wanasema, "Nane na kumi na mbili, wastani kumi, nimepita." Hesabu: 8 mara 4 ni 32, 12 mara 2 ni 24, jumla 56, gawa kwa 6. Ni 9.33. Hujapita. Kwa hiyo kila semesta ikianza, andika krediti kando ya kila kozi kabla ya kuamua wapi pa kutia nguvu. Kanuni za kitivo chako zinaweza kuwa na masharti zaidi, kama alama ya chini inayokubalika au idadi ya krediti za kupanda nazo mwaka unaofuata ukiwa na deni. Ziombe kwa maandishi sekretarieti, usizipokee kwa mdomo wa mwenzako.

Baada ya uzito, tazama mnyororo. Chora kwenye karatasi moja: kozi ipi inahitaji ipi. Analizi inashika karibu kila kitu. Aljebra inashika hesabu za miundo na mitandao ya umeme. Mekanika ya mwaka wa kwanza inashika RDM, RDM inashika saruji na vyuma pamoja na sehemu za mashine. Thamodainamiki inashika pampu, kompresa na matanuru. Kozi ambayo mishale mingi inatoka kwake ndiyo usiyoruhusiwa kuipita kwa 10 ya huruma, hata kama alama hiyo inatosha kwa delibe, kikao cha kuamua matokeo. Yenye mishale michache unaweza kuisoma kwa kiasi chake. Najua kuna maprofesa watakaonikasirikia kwa sentensi hiyo. Lakini mwanafunzi ana saa zilezile za siku kama wao.

Hatua ya tatu: mjue profesa kabla hajaingia darasani

Hapa ndipo uvumi unapotawala. Utasikia, "Ule prof hapitishake batu." Au kinyume chake, "Ule anatoaka pointi bule." Maneno hayo mawili hayakuambii chochote cha kukusaidia. Wa kwanza anaweza kuwa mwalimu bora kabisa wa kitivo, na wa pili anaweza kuwa ndiye atakayekuacha ukisimama mbele ya mhandisi wa kiwanda huku hujui kusoma mchoro.

Badala ya kuuliza kama anapitisha, uliza mambo haya.

Maswali yake yanatoka wapi? Tafuta mitihani ya miaka iliyopita. Kila promosyo ina mtu anayeitunza, mara nyingi ni CP (kiongozi wa promosyo) au finalisti (wa mwaka wa mwisho) mmoja aliyepanga karatasi zake vizuri. Ikipatikana mitatu au minne, utaona kama anarudia umbo la swali na kubadilisha namba, kama anadai uthibitisho, au kama anapenda tatizo refu moja linalokula saa zote. Profesa mgumu mwenye umbo linalojulikana si tatizo, unajiandaa tu. Anayetisha ni yule ambaye mtihani wake hauna uhusiano na kilichofundishwa.

Silabusi yake ni ya lini? Usitazame tarehe ya jalada, hiyo hubadilishwa kila mwaka. Tazama mifano ya ndani. Kama maelezo ya kiwanda yanahusu mtambo uliofungwa zamani na hakuna hata tatizo moja la namba, ujue utahitaji kitabu kingine. Kama kila sura ina mazoezi yenye majibu, umepata bahati, nunua.

Anaonyesha makaratasi baada ya mtihani? Profesa anayekaa na wanafunzi kueleza walikosea wapi anafundisha mara mbili. Hao wapo zaidi ya mnavyodhani, ila wanafunzi hawaendi kuomba.

Anakuja lini? Maprofesa wageni ni sehemu ya maisha yetu. Anatoka Kinshasa au nje ya nchi, anafundisha saa 45 au 60 kwa wiki moja au mbili, asubuhi na jioni, anaacha maswali, anaondoka. Kozi ya namna hiyo haifuatwi ikiendelea, kwa sababu hakuna muda wa kufuata. Inasomwa kabla. CP aombe silabusi kwa barua pepe mapema, nyinyi watatu au wanne mgawane sura, kila mmoja aeleze yake. Profesa akifika, mnakuwa na maswali tayari, naye anafurahi kuliko mnavyofikiri. Mtu aliyepanda ndege kuja kufundisha hapendi kuzungumza na kuta.

Sasa ule mlango usioandikwa. Jina la kwenye ratiba ni la profesa, lakini mazoezi mara nyingi yanaongozwa na asista au CT (chef de travaux). Ngazi zetu zinakwenda hivi: asista, kisha CT, kisha profesa mshiriki, profesa, na profesa kamili. Asista ndiye anayekaa karibu na mazoezi, yuko kitivoni siku nyingi za wiki, na mara nyingi yeye mwenyewe anaandaa masomo yake ya juu, kwa hiyo bado ana njaa ya somo. Kama maasista wawili wanaongoza vikundi vya mazoezi, hapo una uchaguzi wa kweli: nenda ukae wiki ya kwanza kwa kila mmoja. Chagua yule anayemsimamisha mwanafunzi ubaoni na kumwacha akosee mpaka amalize. Anayeandika suluhisho lote mwenyewe kwa mwandiko mzuri anapendeza, lakini utatoka hapo na daftari zuri tu.

Na ikiwa kozi ya lazima ina mwalimu usiyemwelewa kabisa? Mtafutie mbadala bila kumgombeza. MIT OpenCourseWare wameweka kozi zao wazi bila malipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, pamoja na mitihani na majibu. Ni kwa Kiingereza, lakini hesabu zinasomeka. Kwa Kifaransa kuna FUN-MOOC. Programu ya Scilab na ile ya Octave ni za bure na zinafanya kazi nyingi ambazo mtu angeibia Matlab. Pakua usiku umeme ukiwepo, uhifadhi kwenye kompyuta, maana siku ya delestaji, umeme ukikatwa kwa zamu, ndiyo siku utakayohitaji. Lakini endelea kuhudhuria kwa mwalimu yuleyule, kwa sababu yeye ndiye anayetunga mtihani, na namna anavyoandika alama zake za hesabu ubaoni ndiyo atakayoitaka kwenye karatasi.

Kuna jambo ambalo sitalizunguka. Wapo walimu wanaouza pointi, wanaomwambia mwanafunzi asiyenunua silabusi kwamba atajua mwenyewe, na wapo wanaomwita msichana peke yake "kuja kuangalia alama". Dada, kwa mwito kama huo nenda na mwenzako, ofisini, mchana, mlango ukiwa wazi; na kama umeitwa kwa simu, jibu kwa ujumbe ulioandikwa ili neno libaki. Mazungumzo ya simu hayaachi alama, ujumbe unaacha. Malalamiko hupelekwa kwa idara au kwa dekano, mkuu wa kitivo, kwa barua yenye nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, na yana nguvu zaidi yakitoka kwa wengi. Kuhusu alama yenyewe, baada ya delibe kuna muda mfupi wa kukata rufaa kwa maandishi. Tarehe yake inabandikwa, usiisome ikiwa imepita. Na anayefikiria kununua ajue hivi: kozi aliyoinunua ikiwa na mishale mingi kwenye ule mnyororo, atainunua tena mwaka unaofuata kwa jina lingine.

Hatua ya nne: kozi za hiari

Hizi ni chache, tusitumie muda mrefu hapa. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya mbili au tatu, watu huchukua ile inayosemekana ni nyepesi. Mimi ningechukua ile inayokulazimisha kuandika au kutoa hesabu mbele ya watu. Uchumi wa miradi ni mzuri kwa sababu mhandisi asiyejua gharama husikilizwa mara moja tu. Sheria ya madini ni nzuri kwa wote, hata wa umeme: Code minier ya 2002, yaani sheria kuu ya madini, ilirekebishwa 2018, na ndani yake mna wajibu wa kampuni kwa mazingira na kwa vijiji jirani, mambo ambayo utakutana nayo siku ya kwanza kazini. Kama kuna kozi ya Kiingereza cha ufundi, ichukue bila kufikiri. Taratibu za usalama na michoro katika migodi mingi mikubwa zimeandikwa kwa Kiingereza, na mkutano wa asubuhi unaendeshwa kwa lugha mbili au tatu.

Hatua ya tano: staji

Staji inachaguliwa vibaya kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu inachaguliwa kwa jina la kampuni. Mwanafunzi anataka picha akiwa na kofia na fulana ya rangi ya chungwa. Anafika, anapewa mafunzo ya usalama siku ya kwanza, kisha anakalishwa ofisini kunakili majedwali mpaka mwezi unaisha.

Kabla ya kuandika barua, uliza waliotangulia: stajieri huko anashika nini? Karakana ndogo ya mjini inayofunga mota upya, ambako utafungua mashine kwa mikono yako na kupima upinzani wa kila koili, inaweza kukufundisha kuliko mgodi unaokuzuia usikaribie hata paneli. Si kwamba migodi ni mibaya. Ukipata nafasi kwenye maabara ya kiwanda au kwenye timu ya matengenezo, shika. Kolwezi iko kama kilomita 300 kutoka hapa, kwa hiyo hesabu nyumba na chakula kabla ya kukubali; kampuni nyingi hazimlipii stajieri malazi, na shangazi wa Kolwezi naye anapaswa kuulizwa mapema, si siku ya kupanda basi. Likasi ni karibu zaidi, kilomita kama 120.

Barua ya chuo inachukua muda kutoka, na kampuni zinajaza nafasi mapema. Anza semesta moja kabla. Peleka maombi sehemu tatu tofauti kwa ukubwa: mgodi mmoja, kampuni ya huduma au ya ukandarasi, na karakana au ofisi ya mjini. Hiyo ya tatu ndiyo itakayokujibu.

Ukiwa huko, andika kila jioni ulichokiona kwa namba: shinikizo, joto, mkondo, tani kwa saa. Hata bila kujua utazifanyia nini. Memwari nyingi nzuri zilianza kwenye daftari la namna hiyo, na hapa ndipo staji inapoungana na hatua inayofuata.

Hatua ya sita: mada ya memwari na atakayeiongoza

Hapa hatimaye unamchagua profesa kweli. Ndiyo maana naona hii ni hatua kubwa kuliko zote, na wengi wanaifanya kwa siku moja kwa kufuata jina kubwa.

Anza na mada, na mada ianze na data. Jiulize: namba nitazipata wapi, na nani ataniruhusu kuzitumia? "Uboreshaji wa mtandao wa umeme wa Lubumbashi" si mada, ni ndoto ya wizara. "Hasara za nishati katika transfoma za mtaa fulani kwa vipimo vya wiki sita" ni mada. Kwa metalijia, "matumizi ya asidi kwa tani moja ya madini katika hali tofauti za usagaji" inaweza kumalizwa kwenye maabara. Kwa madini, uthabiti wa ukuta mmoja wa shimo moja. Kwa ujenzi, udongo wa kata moja yenye mmomonyoko na barabara inayokatika kila msimu wa mvua. Mada ndogo yenye vipimo vyako mwenyewe inashinda kubwa iliyojaa nukuu. Jopo linajua tofauti hiyo katika dakika kumi za kwanza.

Kama data ni ya kampuni, pata ruhusa ya maandishi na ujue kitakachofichwa. Kuna finalisti wanaofika wiki ya kutetea wakaambiwa na kampuni kwamba takwimu zao haziwezi kutoka nje ya lango.

Sasa mtu. Usiende kwa profesa kuomba "mada yoyote". Nenda na ukurasa mmoja: swali, data, njia utakayotumia, vifaa unavyohitaji. Kabla ya hapo soma kazi mbili tatu alizoziandika au alizoziongoza. Maktaba ya kitivo inatunza memwari, na Google Scholar itakuonyesha makala zake kama zipo. Kama hajawahi kugusa eneo lako kwa miaka mingi, atakuongoza kwa adabu tu.

Mkikaa naye, muulize kwa heshima mambo ambayo wanafunzi wanaona aibu kuyauliza. "Profesa, mwaka huu mnaongoza wanafunzi wangapi?" Akiwa na wengi mno, sura yako itakaa mezani miezi. "Mnapenda kusoma sura moja moja au kazi nzima mara moja?" Anayesoma sura moja moja atakuokoa, anayetaka yote mwishoni anaweza kukurudisha mwanzo wakati tarehe ya kuwasilisha imebaki wiki mbili. "Mtakuwepo nchini kati ya mwezi fulani na fulani?" Maprofesa wetu husafiri sana. Na: "Msaidizi wangu atakuwa nani?" Hili la mwisho ni zito, kwa sababu kazi ya kila wiki utaifanya na CT au asista, si na profesa. Ukiweza, mfikie msaidizi kwanza, mwonyeshe ukurasa wako. Akivutiwa, yeye mwenyewe atakusindikiza kwa profesa, na hapo maombi yako yana mzazi.

Kuna wanaomchagua mwongozaji kwa sababu anaogopwa na jopo, wakidhani atawakinga siku ya kutetea. Wakati mwingine anakinga. Lakini jopo likikuuliza kwa nini umetumia mlinganyo huu na si ule, yeye hawezi kujibu badala yako, na mara nyingi anainama kuandika kitu.

Akikubali, siku hiyohiyo mwandikie barua pepe fupi ukitaja mada mliyokubaliana, jina la msaidizi na tarehe ya sura ya kwanza. Kisha peleka fomu ya mada idarani isajiliwe kabla ya tarehe iliyobandikwa, chukua nakala yenye muhuri, ipige picha. Mada zinafanana, mafaili yanapotea, na aliyesajili wa kwanza ndiye mwenye mada. Ukishatoka pale sekretarieti, pita kwa msaidizi umwombe siku moja ya wiki na saa moja isiyobadilika, uiandike, na ufike siku hiyo hata kama huna ukurasa mpya wa kumwonyesha.